Barua Isiyofika Dodoma

Ganako, Karatu
7 Januari 2024

Mama Angelina,

Nilipokuwa nafundisha, watoto wa darasa la sita niliwaambia kwamba barua ya kirafiki haianzi na hesabu. Leo navunja sheria yangu mwenyewe. Imebaki miezi minane na siku saba. Tarehe 14 Septemba unatimiza hamsini na tano, na mtumishi wa serikali akifika hapo anaruhusiwa kuomba kustaafu kwa hiari, ilimradi atoe taarifa miezi sita kabla. Maana yake barua yako iwe imefika wizarani Dodoma kabla ya 14 Machi. Tarehe hiyo nimeizungushia wino mwekundu kwenye kalenda ya parokia, na Padre alipokuja kubariki nyumba aliniuliza ni sikukuu ya mtakatifu gani.

Nyumba imekwisha. Veranda inaelekea msituni, upande wa Ngorongoro, kama ulivyotaka. Nimeweka viti viwili. Najikuta nimekaa kwenye kimoja nakiangalia kingine, halafu naona aibu, nainuka kwenda kukata majani ya ng'ombe.

Nilitaka pia nimrudishe yule ng'ombe mwekundu niliyemweka kwa Emmanueli, ili ukija ukute maziwa nyumbani. Lakini Rozalia, mke wa Emmanueli, amejifungua mwezi uliopita, na wewe ni Mwiraqw kama mimi, unajua. Ng'ombe uliyemweka kwa jirani ni wako, ila maziwa ni ya nyumba anayolala, na humwondoi wakati kuna mtoto mchanga anayemtegemea. Waliobaki hapa hawakamuliwi, basi tutakunywa maziwa ya dukani mpaka mtoto wa watu akue.

Miaka ishirini na sita tumeoana, na nikijumlisha vituo vyako vyote vitatu, kumi na mitano umekaa ng'ambo. Angelina naye yuko chuoni Mwanza. Nimekukumbuka. Nalisema hivyo hivyo bila kulipamba, maana ninyi watu wa ubalozi mkipewa neno lenye mapambo mnalipima kwanza.

Usinijibu kwa simu. Tulipatana tangu kituo chako cha kwanza: simu ni ya kuulizana kama mvua imenyesha na nani amefariki, barua ni ya mengine yote, na ya barua hayaingii kwenye simu.

Mumeo anayengoja,
Nikolaus


Delhi
28 Januari 2024

Baba Angelina,

Barua yako imetembea siku kumi na tisa. Nimeisoma kabla hata ya kuvua viatu.

Ndani ya bahasha hii utakuta nyingine, haijafungwa, ili uisome. Ni ombi langu la kustaafu. Balozi ameshagonga muhuri. Alinirudishia, akasema, "Haya, dada yangu." Ofisi ingeweza kuituma Dodoma kesho yake, lakini nimeomba ipitie kwako. Wewe ndiye uliyengoja, kwa hiyo nataka mkono wako ndio uitumbukize posta. Ukimaliza, nenda ukakae kwenye kile kiti na ukiangalie cha pili bila aibu.

Huku ni baridi na ukungu, lakini si ukungu wetu; huu una moshi wa magari ndani yake. Jumapili nilipika makande ya mahindi na mbaazi, nikayala na maziwa mgando ya dukani, nimesimama pale pale jikoni. Nililia kidogo, nikajilaumu, mtu mzima mimi. Sijui kama ni njaa ya chakula au ya watu wa kula nao.

Kazini hakuna jipya. Mazungumzo ni yale yale ya kila mwaka. Binti yetu wa ofisini, Nareyu, yule wa Arash niliyekuambia, amekomaa, ataweza. Sitaki uwe na wasiwasi na kazi. Wasiwasi wako uuweke kwenye paa, uniambie kama linavuja.

Nakuja nyumbani, Nikolaus. Nimeliandika ili nilione.

Wako,
Cresensia


Delhi
11 Februari 2024

Mwalimu Nikolaus,

Shikamoo baba. Hunifahamu kwa sura. Jina langu ni Nareyu Lekoko, nyumbani ni Arash, Loliondo, kwa hiyo wewe na mimi ni majirani ambao babu zetu waligombania ng'ombe. Nafanya kazi chini ya mama Cresensia. Nimeiandika barua hii mara nne na kuichana mara tatu, maana kumwandikia mume wa mkubwa wangu bila yeye kujua ni utovu wa adabu. Unisamehe mwanzo, halafu usome.

Ile barua yake ya kustaafu niliiandikisha mimi kwenye kitabu cha masjala, ndiyo maana najua imepitia kwako.

Mbaazi za Karatu zinaliwa huku, hilo unalijua kuliko mimi. Zinaingia kwa makubaliano kwamba zikaguliwe mara moja tu, kwetu, bandarini, kabla ya kupakiwa melini. Makubaliano hayo yanajadiliwa upya kuanzia Oktoba. Kwenye jalada kuna karatasi moja na sahihi mbili. Kwa nini walikubali, walikuwa wanahofia nini, sisi tuliahidi nini kwa mdomo, hayo hayamo. Yapo kwa watu wawili: mzee Raghavan wa wizara yao, na mama Cresensia. Na mama ataondoka Septemba.

Wiki iliyopita alinipeleka nizungumze mimi, yeye akae pembeni. Mzee Raghavan alisikiliza hoja yangu, akanyamaza. Akanyamaza mno. Nikaona nimeshindwa, nikaanza kuujaza ule ukimya. Nikasema labda tungekubali mzigo ukaguliwe mara ya pili ukifika huku. Baba, hakuna aliyetuomba hilo. Meli ingekaa majuma bandarini, mbaazi ziingie wadudu, halafu tuambiwe zilikuja nao.

Mama hakunikatiza. Alimwuliza mzee kama bado anakunywa chai bila sukari. Kisha akasema, "Binti yangu amezungumza kwa ukarimu wa mgeni. Wewe na mimi tunakumbuka tulivyopatana siku ile umeme ulipokatika." Mzee akacheka, na neno langu halikuandikwa popote. Tulipoingia kwenye gari ndipo aliponiambia kwamba yule mzee hunyamaza anapotafuta namna ya kukubali, si anapokataa. Imemchukua vituo viwili katika nchi hii kulijua hilo. Mimi nina miezi kumi na minne. Nitajifunza, baba, lakini nitajifunza kwa mbaazi za watu.

Wizara ilimwomba abaki hadi sitini. Nadhani hakukuambia. Siku alipotoka posta kukutumia ile bahasha alijifungia ofisini, akatoka na macho mekundu, akasema ni vumbi.

Sikuambii uichane. Nakuambia tu kilichomo ndani yake.

La mwisho, nalo ni la ukosefu wa adabu kuliko yote. Yeye analia huku kwa ajili yako, na kwa anavyotusomea vipande vya barua zako, wewe huko hujambo kidogo tu. Kwa nini wewe huji?

Kwa heshima zote,
Nareyu


Delhi
10 Machi 2024

Baba Angelina,

Mwezi na zaidi, sijapata hata mstari. Kwenye simu unaniambia mvua ni kubwa, barabara ya Ganako imekatika, ng'ombe wa jirani yetu Modest ameangukia korongoni, kwaheri. Nimeishika sheria yetu, sijakuuliza ya barua. Lakini leo ni tarehe kumi, bado siku nne, na nimemwuliza mtu wa masjala Dodoma kwa njia ya mzunguko. Hawajapokea kitu.

Nimekaa na watu wengi walionyamaza, Nikolaus. Ni kazi yangu. Naweza kukuambia ukimya wa mtu anayeogopa bosi wake na ukimya wa mtu anayetaka umsihi. Wako siujui. Miaka yote hii sijajifunza, kwa sababu hujawahi kuninyamazia kwenye karatasi isipokuwa mara moja, mwaka ule wa kipaimara cha Angelina, na ile nilistahili.

Basi nimeanza kubuni. Nimewaza kwamba umeumwa na hutaki nijue. Nimewaza kwamba posta imeipoteza. Halafu jana nimewaza neno baya zaidi: kwamba umeizoea nyumba bila mimi. Kwamba ulipoiona karatasi yenyewe mkononi, uliogopa. Mwanamke aliyezoea kuagiza dereva, anakuja kukaa kwenye veranda yako kila siku, anakuuliza kwa nini chai imechelewa.

Kama ndivyo, niambie. Sitakasirika. Uongo, nitakasirika, ila niambie.

Cresensia


Ganako
13 Machi 2024

Mke wangu,

Sikuipeleka.

Nilikwenda posta Karatu mara mbili. Mara ya kwanza nilifika dirishani nikasema nimesahau miwani. Mara ya pili yule mama wa pale, Hosiana, alisema, "Mwalimu, leo tena?" nikanunua stempu moja nikarudi nayo nyumbani. Kesho ni tarehe kumi na nne. Itapita barua yako ikiwa mezani kwangu, na si kwa bahati mbaya. Nimekukosea, nimekukosea nikijua, na sitalizungusha.

Nareyu aliniandikia. Usimkaripie sana. Amenieleza habari ya mbaazi, ya mzee asiyetia sukari, na kwamba wizara ilikuomba ubaki. Wewe uliniandikia kazini hakuna jipya. Nikaenda kutoa barua zako za zamani kwenye sanduku, nikatafuta mwaka ule soko la mbaazi la huko lilipofungwa. Unakumbuka hali ilivyokuwa hapa? Mbaazi zilipigwa, zikajazwa kwenye magunia, zikakaa. Modest aliwalisha ng'ombe wake. Watoto wangu darasani walikuja Januari na sare za mwaka uliopita zimewafika magotini, wengine hawakuja. Mimi nilikuwa nimekununia, maana ulikosa kipaimara cha Angelina, na kwa miezi mitatu sikukuandikia. Barua yako ya siku zile ninayo hapa. Imeandikwa: kazini hakuna jipya.

Kumbe ulikuwa ndani ya chumba kile, umeme umekatika, unafungua soko la majirani zako. Na mimi huku nakuhesabia dhambi.

Nikakumbuka na langu. Nilipotimiza sitini walinipa cheti, wakanipigia makofi, nikaondoka. Darasa la saba wakamaliza mwaka bila mwalimu wa hisabati. Hakuna aliyenifukuza, sheria ni sheria, na mwalimu kijana aliyekuja baadaye ana bidii. Lakini nilikuwa napita pale dirishani nawaona watoto wanavyojumlisha sehemu, naumwa mwili mzima. Vitu nilivyovijua juu ya watoto wale, nani anaelewa kwa mchoro, nani anajifanya mjinga kwa sababu ya njaa, sikuwa nimeviandika popote. Hakuna aliyeniuliza.

Ndipo nikapita kwa Emmanueli, nikamkuta Rozalia anamnywesha mtoto wake maziwa ya ng'ombe wangu. Nikasimama pale nikajiona. Ng'ombe nimeweza kumwacha kwa jirani bila kinyongo, ila mke wangu nimetaka kumwondoa wakati kuna nyumba nyingi zinamtegemea, kwa sababu tu ni wangu.

Barua yako nairudisha humu ndani. Ukitaka, andika nyingine kesho, miezi sita ianze upya, na nitakupokea kwa mikono miwili. Mkono wangu peke yake ndio umekataa. Usidhani umenitoka moyoni. Nimekutamani mpaka nimekuwa mtu wa kuongea na kuku.

Nikolaus


Delhi
6 Aprili 2024

Nikolaus,

Nimekasirika, na nakuandikia nikiwa nimekasirika ili usije ukasema nimelipima neno. Karibu miaka thelathini kazi yangu imekuwa kuhakikisha watu hawaamuliwi mambo yao na wengine kwenye vyumba vya pembeni. Kumbe mume wangu na msaidizi wangu wamenikalia kikao, Ganako na Arash, bila hata kunipa kiti. Kama uliona nisistaafu kazi hii, ungeniandikia hivyo mara moja. Mimi ningekujibu. Hata ningekutukana, lakini ningekujibu. Badala yake nilikaa hapa mwezi mzima nikidhani hunitaki.

Nareyu nilimnunia siku tatu. Siku ya nne alileta chai ofisini kwangu, akaketi, akanyamaza. Nilimwacha akae. Dakika tano, sita, hakujaza. Nikaona kumbe alisikia nilichomwambia kwenye gari, nikacheka bila kutaka.

Sasa nawe nikuambie ukweli, maana umenirudishia barua na hakuna tena pa kujificha. Sikukuficha kazi ili usipate wasiwasi. Nilikuficha kwa sababu naipenda. Nilipotoka posta siku ile nililia kwa vile nilijua utafurahi, na mimi sikufurahi. Nilijiona mke mbaya. Unawezaje kumwandikia mtu aliyekungoja miaka kumi na mitano kwamba bado unapenda kitu kinachokuweka mbali naye? Nakutaka wewe na naitaka kazi hii. Nimeishi na maneno hayo mawili na sijawahi kuyaandika kwenye karatasi moja mpaka leo.

Nimewaandikia wizara. Nitabaki miaka miwili, mpaka makubaliano yasainiwe na mpaka Nareyu aweze kuingia chumba kile bila mimi. Nimeomba pia tuanze kuyaandika yale yasiyo kwenye jalada. Kila Ijumaa namsimulia, yeye anaandika: nani alisema nini, nani alikuwa anamwogopa nani, siku gani usipige simu. Tumeanza jana, tumeshajaza nusu daftari na bado tuko kwenye mwaka wangu wa kwanza. Barua hiyo ya wizara nimeituma mwenyewe, kwa mkono wangu.

Hasira imekwisha, nimebaki na hiki. Wewe ndiye utakayekaa na kiti kitupu miaka miwili zaidi, kwa uamuzi wangu, na unisamehe. Mchana sijambo, nina kazi na watu. Panaponiuma ni saa kumi na mbili jioni, nikifungua mlango, naingia, na hakuna mtu wa kuniuliza siku imekwendaje. Naweka funguo mezani na nasikia mlio wake. Mwenzangu, nimechoka kuusikia mlio ule.

Cresensia


Ganako
28 Aprili 2024

Mama Angelina,

Umenikasirikia ipasavyo. Nimeisoma mara mbili na sina utetezi. Siku nyingine nikiwa na neno nitalisema, hata kama litakuudhi.

Na ninalo moja. Nareyu aliniuliza swali ambalo sikukueleza Machi, kwa sababu sikuwa na jibu la kuandika bila kuona haya. Aliuliza kwa nini mimi siji.

Nimekupa sababu nyingi miaka hii yote. Kwanza ilikuwa shule. Kisha mama yangu, na kweli alikuwa mgonjwa, Mungu amrehemu. Kisha nyumba. Kisha ng'ombe. Sababu zote zilikuwa za kweli na hakuna hata moja iliyokuwa sababu. Ulipopata kituo cha kwanza ukaniletea ile fomu ya mwenza niisaini, niliisoma nikaona: mwenza wa afisa. Nikafikiria kilabuni, wazee wa Ganako, Modest na ulimi wake. Nikaogopa wataniambia nimeolewa. Ndiyo hiyo tu, Cresensia. Kwa ajili ya utani wa watu ambao wangecheka juma moja na kusahau, nimekukosa miaka kumi na mitano, halafu nikakuandikia barua za huzuni kana kwamba ni serikali iliyokuchukua.

Jumatatu nilikwenda Arusha, uhamiaji, kuomba pasipoti. Nimepigwa picha, nimeacha alama za vidole vyote kumi. Msichana wa pale akaniuliza sababu ya safari, akasema nimwandikie matembezi, ndivyo wazee wengi wanavyoandika. Nikamwambia hapana, aandike nakwenda kuishi na mke wangu. Akacheka. Sikumkatalia kucheka.

Modest nimemwambia mwenyewe kabla hajasikia. Alinitazama, akasema, "Mwalimu, sasa utapikiwa na nani huko?" Nikamjibu kwamba nitapika mimi. Ng'ombe waliobaki anawachukua Emmanueli. Nyumba atakaa mwalimu kijana wa hisabati, mkewe ana mimba na pale shuleni wanalala chumba kimoja.

Niambie mambo machache. Nikuletee unga wa mahindi kiasi gani, na wananikamata nikija na mbaazi? Joto la huko linaanza lini? Huyo mzee Raghavan anajua hesabu au ni mtu wa chai tu? Kiingereza changu ni cha ubaoni, kitanitosha kununua nyanya?

Sitakuwa na kazi huko. Nimelifikiria hilo, na kidogo linanitisha. Nitafagia, nitapika, nitasoma magazeti yenu, na saa kumi na mbili jioni nitakuwa karibu na mlango. Kungoja nimekuzoea kuliko kazi nyingine yoyote niliyowahi kufanya. Ila sasa nitakungoja mpaka jioni tu.

Mumeo,
Nikolaus